Kabati la Mtandao Kituoni: Ufunguo Ukae kwa Nani?

Katika vituo vya afya vya vijijini, kama vile vya Issuna wilayani Ikungi, chumba kimoja huweza kubeba kazi nyingi: mafaili, dawati la usajili, na kabati lenye mitambo ya mtandao. Somo hili laeleza namna ya kuilinda mitambo hiyo bila kuwafungia nje wanaoihitaji.

Hatari ni mbili. Kabati likiachwa wazi, mpita njia aweza kuchomoa waya ili achaji simu, au kuunganisha kompyuta yake kwenye mtandao unaopitisha majibu ya vipimo vya VVU. Likifungwa pasipo utaratibu, madhara huja kwa njia nyingine. Tuwazie mama mjamzito anayefikishwa saa nane usiku akivuja damu. Mtandao umekwama, kumbukumbu zake hazifunguki, na ufunguo uko mfukoni mwa mganga mfawidhi aliyesafiri kwenda Singida mjini. Kufuli limemzuia mwizi, lakini limemzuia na muuguzi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata hivyo, ulinzi si usiri pekee. Kumbukumbu isiyopatikana wakati wa haja nayo humdhuru mgonjwa.

Hatua za kuchukua:

1. Fungeni kabati, si chumba kizima. Liwe la chuma, lenye matundu ya hewa, mbali na maji.

2. Funguo ziwe mbili: mmoja kwa mfawidhi, wa pili katika bahasha iliyotiwa lakiri, chini ya muuguzi wa zamu. Aifunguaye aandike daftarini jina, saa na sababu.

3. Intaneti ya wageni itengwe kabisa na mfumo wa kumbukumbu.

4. Kadi ya kliniki aliyonayo mama ijazwe kila hudhurio. Matibabu ya dharura hayangoji mtandao.

Nawe mgonjwa, unayo haki ya kuuliza taarifa zako hutunzwaje, na nani huzisoma.

Maswali ya kujipima: Usiku wa leo, ufunguo uko kwa nani? Nani aliutumia mara ya mwisho, na kwa sababu gani? Kituo kisichoweza kuyajibu yote mawili hakijalindwa, hata kikiwa na kufuli kubwa.