Cheo Kushushwa na Mshahara Kupunguzwa: Somo kwa Kamati za Parokia



Somo la robo hii ni juu ya jambo ambalo waamini hutuletea kwa kunong'ona: mfanyakazi anashushwa cheo, mshahara unapunguzwa, kisha anaambiwa kama hataki aache kazi.

Fungueni Mwanzo sura ya 31. Yakobo analalamika kwamba baba mkwe wake, Labani, amembadilishia ujira mara kumi. Wengi tukisoma hapo hukimbilia habari ya vinyago alivyoiba Raheli. Someni polepole mstari wa 38 hadi 42. Yakobo ana hasira, lakini anataja hesabu: miaka 20 ya kazi, mifugo iliyoraruliwa ambayo hasara yake aliibeba mwenyewe, joto la mchana na baridi ya usiku. Lalamiko lililoandaliwa hivyo ni vigumu kulipuuza.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yake, mshahara, saa za kazi. Yakibadilika, mwajiri ashauriane naye na kumjulisha kwa maandishi. Tamko la mdomo asubuhi mbele ya wenzake halitoshi.

Chukueni mfano wa mtunza stoo wa zahanati. Anauliza kwa nini dawa zimetoka bila saini. Wiki inayofuata anaambiwa sasa ni mfagiaji, na mshahara wa shilingi 450,000 unakuwa 300,000. Afanye nini? Kwanza asiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira. Sheria inatambua kwamba mwajiri anaweza kumsukuma mtu mpaka akaacha kazi, lakini kuthibitisha hilo ni kazi ngumu. Aombe sababu kwa maandishi na abaki na nakala. Akipewa barua ya kusaini, aandike kwamba ameipokea tu, hajakubaliana nayo. Atunze mkataba na hati za mshahara. Akikaa kimya miezi mingi huku akipokea pungufu, mwajiri atasema alikubali.

Mazungumzo ya ndani yakishindikana, apeleke mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa mgogoro wa namna hii muda ni siku 60 tangu ulipoanza. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu. Wengi hupoteza haki yao hapa, wakisubiri bosi alainike. Huko anaweza kusindikizwa na chama chake cha wafanyakazi, wakili, au mtu anayemchagua mwenyewe. Watumishi wa umma wana njia yao, nao huanzia kwenye mamlaka za utumishi wa umma.

Sasa tujiangalie na sisi. Parokia ina katibu, mlinzi, mwalimu wa chekechea, muuguzi. Mradi ukifika mwisho na fedha za wafadhili zikakoma, mara nyingi kamati hukata mishahara kimyakimya na kuiita sadaka. Sadaka hutolewa na mwenyewe. Haikatwi juu ya mtu. Kama fedha hazipo kweli, waiteni wafanyakazi, wawekeeni vitabu vya hesabu mezani, sikilizeni mapendekezo yao kabla ya kuamua, na lolote mtakalokubaliana liandikwe. Ikibidi kupunguza watu, sheria ina utaratibu wake wa taarifa na mashauriano. Wafadhili nao, mnapopanga bajeti, ulizeni mapema nani atalipwa na nani baada ya mwaka wa mwisho wa mradi. Swali hilo halipendwi, ila lisipoulizwa mlinzi ndiye anayelilipia.

Kwa mazungumzo katika kikao chenu: Je, kila mfanyakazi wa parokia ana mkataba wa maandishi, na nakala anayo mwenyewe? Mtu wetu akishushwa cheo leo, atapeleka lalamiko kwa nani ambaye siye aliyemshusha? Na yupo kati yetu anayejua ofisi ya Tume iliyo karibu, wa kumsindikiza jirani kabla siku 60 hazijaisha?