Lipa Deni Kwanza

Somo: 2 Wafalme 4:1–7

Juma hili tunatembea na yule mjane aliyemlilia Elisha. Lakini wacha nianze na mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na deni la shilingi 4,300 kwa duka moja karibu na nyumbani. Unga, mafuta, sukari, kidogo kidogo, hadi ukurasa wangu ukajaa kwenye kitabu cha madeni. Nina digrii ya biashara, hesabu naijua, lakini nilianza kupita njia ya nyuma ili nisionekane pale. Jumapili moja nikasimama mbele ya kanisa, nikatoa 2,000 za ujenzi. Watu wakapiga makofi. Baada ya ibada mwenye duka, mshirika mwenzetu, akanisalimia kwa heshima: "Pasta, nimefurahi umemtolea Mungu. Mimi nitaendelea kungoja." Hakuwa na hasira. Hapo ndipo nilipoumia.

Turudi kwenye andiko.

Kwanza, mjane hakuficha. Mumewe alikuwa mcha Mungu na bado aliacha deni. Kwa hivyo kudaiwa si ishara kwamba mtu ameacha wokovu. Lakini alisema wazi kwamba anayemdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Sisi huomba juu ya "mahitaji" tu, bila kutaja kiasi wala jina la anayetudai.

Pili, Mungu alitumia kilichokuwa nyumbani, mafuta kidogo, na kazi ya mikono: kuazima vyombo, kufunga mlango, kumimina. Majirani walimwazima. Nikajiuliza, kwani mimi ningebisha mlango, ni wangapi wangeniazima?

Tatu, tazama mpangilio. Mafuta yalipokoma, mama alirudi kwa mtu wa Mungu. Akaambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Kulipa kunatangulia kuishi. Na hatusomi popote kwamba Elisha aliomba fungu lake katika mafuta yale.

Sisemi usitoe sadaka. Nasema usichukue pesa ya mwenzako ukampe Mungu ili upigiwe makofi. Zaburi 37:21 inamhesabu anayekopa asilipe pamoja na waovu. Hilo halimhusu anayehangaika kulipa. Linamhusu anayepita njia ya nyuma.

Jioni ile nilienda dukani na 800 nilizokuwa nazo, nikaomba msamaha, tukakubaliana 500 kila juma. Juma la saba alikata jina langu kwa kalamu. Tangu siku hiyo napita njia ya mbele.

Zoezi la juma: Andika kila anayekudai na kiasi chake, hata mkopo wa simu. Kabla ya Jumapili, mwendee mmoja. Kama huna pesa, usimpe mistari ya Biblia. Mpe tarehe utakayoitimiza. Na kama wewe ndiwe unayedai, kumbuka upole wa yule mama.

Ombi: Baba, nipe ujasiri wa kumtazama machoni yule ninayedaiwa naye. Bariki kilichomo nyumbani mwangu, na kikiongezeka, nikumbushe kulipa kwanza. Katika jina la Yesu, Amina.