SOMO LETU: KWA NINI BWANA NYAMA NAYE ANARUDI DARASANI

Ndugu wasomaji, leo tuanze na mfano. Tuseme asubuhi moja hapa Chanika, upande wa kuelekea msitu wa Pugu, watoto wamemkuta kakakuona njiani. Habari zinaenea upesi, watu wanajaa. Mmoja anamwekea mnyama unga, mwingine maji, mwingine panga, ili achague na watu wajue mwaka utakuwaje. Mara anatokea kijana mwenye pikipiki. Anamtia kakakuona kwenye gunia, eti anamjua mnunuzi mjini. Mwenyekiti wa mtaa anapiga simu, ofisa wa wanyamapori anafika. Je, ofisa huyo afanye nini?

Wengi tutajibu haraka: amkamate kijana. Sawa. Lakini kukamata ni kazi ya dakika tano. Kazi yenyewe iko mbele, na kwa kazi hiyo watumishi wa serikali hufundishwa, wakarudi tena kufundishwa.

Kwanza tujue sheria. Iko Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974. Pembe, ngozi, magamba au nyama ya mnyamapori huitwa nyara. Uko pia mkataba wa mataifa unaoitwa CITES, tamka "saitesi". Ulitiwa saini mjini Washington, Marekani, mwaka 1973, na Tanzania ikajiunga mwaka 1979. Sasa una nchi zaidi ya 180. Mkataba huu unahusu biashara ya kuvuka mipaka. Umewapanga wanyama na mimea katika orodha tatu. Orodha ya kwanza ni ya wale walio karibu kutoweka duniani. Hao hawauzwi nje kwa biashara wakitolewa porini. Orodha ya pili ni ya wale wanaoweza kuuzwa, lakini kwa kibali. Ya tatu ni ya wale ambao nchi moja imeomba wenzake waisaidie kuwalinda. Kakakuona wa Afrika walikuwa katika orodha ya pili. Mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016 ukawapandisha orodha ya kwanza.

Sasa hapo ndipo ugumu unapoanza. Orodha zina maelfu ya majina, tena ya kitaalamu, na zinabadilika. Ofisa aliyesoma zamani akakaa nazo kichwani vilevile, atakosea.

Chukueni mjusi. Nani kati yetu hajamwona mjusi ukutani? Lakini katika msitu mdogo wa Kimboza, mkoani Morogoro, yuko mjusi ambaye dume lake ni la buluu kama anga, na jike ni la kijani. Anakaa kwenye mti wa jamii ya mkadi. Watu wa nchi za nje walimpenda, wakataka kumfuga majumbani. Wakamataji waliingia msituni, wengine wakaikata miti hiyo ili kuwapata, yaani walivunja na nyumba yake. Mwaka 2016 huyu naye aliingizwa orodha ya kwanza. Sasa mfikirieni ofisa wa forodha pale uwanja wa ndege anafungua sanduku. Kama hakufundishwa, atasema, "Ah, mijusi tu," na kulifunga.

Ndiyo maana mafunzo haya si ya bwana nyama peke yake. Yapo vyuo vya wanyamapori, Mweka kule Kilimanjaro tangu mwaka 1963 na Pasiansi kule Mwanza. Lakini polisi, watu wa forodha, watu wa misitu, waendesha mashitaka na mahakimu nao wanahitaji kujua. Mmoja akikosea, kazi ya wote imeharibika.

Katika mafunzo hayo mwanafunzi hushika kitu kwa mkono. Anapewa kipande cha pembe ya ndovu na kipande cha mfupa wa ng'ombe, vyote vimechongwa na kung'arishwa. Kwa macho ni ndugu. Akitazama kwa lenzi, mfupa una vidoa na vitundu vidogo, na pembe ya ndovu iliyokatwa upande una mistari inayopishana kama ya mkeka. Magamba ya kakakuona naye huyashika. Ni kitu kilekile cha kucha zetu. Wanaodai kuwa ni dawa wangeweza kutafuna kucha zao, wakamwacha mnyama wa watu.

Kujua vizuri kunamlinda pia asiye na kosa. Mkutano wa Panama wa mwaka 2022 uliingiza mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika katika orodha ya pili, na uamuzi ukaanza kutumika Februari 2023. Seremala akisikia hivyo anaweza kushtuka. Lakini kumdai kibali cha CITES kwa kitanda cha mninga kinachotoka Chanika kwenda Gongo la Mboto ni makosa, kwani hakivuki mpaka. Mbao za humu nchini zina taratibu zake chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ofisa asiyejua tofauti hiyo atawasumbua raia bure, na sisi tusiojua tutatoa kitu kidogo ili tupite.

Turudi kwa yule kijana na gunia lake. Ofisa lazima aandike hati ya kukamata mali: nini kimekamatwa, wapi, lini, kwa nani. Kila mtu anayekipokea kielelezo baadaye aandikwe, ili hakimu aone kuwa ni kilekile. Lazima thamani ya nyara itajwe na mtu mwenye cheo kinachotakiwa na sheria, kwa sababu adhabu hufuata thamani, na kifungo huweza kufika miaka 20 na zaidi. Na kama ni nyama, haiwezi kungoja kesi, itaoza. Hakimu huombwa aamuru iteketezwe. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa mshitakiwa lazima awepo mbele ya hakimu wakati huo na apewe nafasi ya kusema. Asipokuwepo, karatasi ile haimfungi. Wapo waliosema mahakama inawabeba majangili. Sisi hatukubali. Mtu hawezi kufungwa miaka 20 kwa nyama ambayo imeteketezwa bila yeye kuulizwa neno.

Hapa ndipo na sisi wahitimu wa kisomo tunapoingia. Hati ya kukamata mali hutiwa sahihi na shahidi, na anayefaa zaidi ni mwananchi asiye upande wowote. Zamani mwananchi huyo aliambiwa tu, "Weka dole gumba hapa." Sasa tunasoma. Basi tukiitwa, tusome kwanza. Kama gunia lilikuwa na kakakuona mmoja aliye hai na karatasi imeandika magamba kilo mbili, tukatae kutia sahihi mpaka irekebishwe. Kama nafasi ya tarehe imeachwa tupu, tuombe ijazwe mbele yetu. Ofisa aliyefundishwa vizuri hatakasirika; yeye mwenyewe ndiye atakayeulizwa mahakamani.

Na kakakuona? Kama ni mzima, hurudishwa porini, na hatua hiyo nayo iandikwe.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Orodha ya kwanza na ya pili za CITES zina tofauti gani?

2. Kwa nini mshitakiwa awepo nyama inapoamriwa kuteketezwa?

3. Bibi mmoja ameitwa kuwa shahidi, naye hakuona gunia likifunguliwa. Je, atie sahihi?