Somo la Ufundi: Umeme Unaobaki Swichi Ikishazimwa



Siku hizi mota nyingi za pampu na feni viwandani haziungwi moja kwa moja na laini. Katikati huwekwa inverta, yaani chombo cha elektroniki kinachoongoza mwendo wa mota. Fundi aliyezoea kontakta na fyuzi hukabidhiwa ufunguo wa boksi hilo bila kufundishwa hata siku moja. Somo hili ni lake.

Umeme wa laini huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ndani ya inverta, dayodi sita huugeuza uwe wa njia moja, kapasita huuhifadhi, kisha transista sita huukatakata mara maelfu kila sekunde ili mota ipate mwendo unaotakiwa. Laini ya volti 400 huijaza kapasita hadi volti 565 hivi, kwa kuwa kapasita hushika kilele cha wimbi, ambacho ni mara 1.41 ya kipimo cha laini. Ukizima swichi kuu laini imekufa, lakini kapasita bado ina umeme wake.

Tuchukue kapasita ya mikrofaradi 1,000 na resista ya omu 47,000 iliyowekwa kuinyonya. Zidisha faradi 0.001 kwa 47,000, unapata sekunde 47. Kila sekunde 47 zikipita, volti hushuka hadi asilimia 37 ya zilivyokuwa: 565 huwa 208, halafu 76, halafu 28. Ndiyo sababu kibandiko cha inverta huagiza kungoja dakika kadhaa.

Wenye kompyuta wachore sakiti hiyo katika programu ya aina ya SPICE. Programu hiyo ya awali ilitungwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kutolewa mwaka 1973. Zipo za ukoo wake zinazopatikana bure. Kisha badala ya omu 47,000 andika omu milioni 47, kana kwamba resista imeungua. Sasa sekunde 47 zimekuwa 47,000, yaani saa 13. Zamu ya asubuhi itakuta volti 208 zinaingoja.

Hapa ndipo mafunzo ya kompyuta peke yake yanapopungua. Programu hujua kile tu ulichochora. Haijui kama resista iliyo mbele yako ni nzima. Taa ya inverta kuzimika nayo si ushahidi. Funga swichi kwa kufuli, ngoja muda wa kibandiko, kisha pima kwa mita inayofaa volti hizo, kwenye vituo vya chanya na hasi. Mita yenyewe ijaribiwe penye umeme unaojulikana, kabla na baada ya kupima. Wale wanaogusisha bisibisi ili “kuitoa roho” kapasita wajue kwamba volti 565 katika kapasita hii ni jouli 160, zinazotoka kwa mpasuko mmoja.

Mwalimu asiye na inverta asikate tamaa. Betri za volti 24, kapasita ya volti 50 iliyoungwa chanya kwa chanya, resista, mita na saa vyatosha. Chaji, ondoa betri, andika kipimo kila sekunde 47: karibu 9, kisha 3 na kidogo. Vipimo vikitofautiana na hesabu, msivifute. Kapasita nyingi huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, na tofauti hiyo ndiyo somo ambalo kitabu hakitoi.

Matawi yadai mafunzo haya yafanyike saa za kazi kwa mshahara. Mkataba Na. 140 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unahusu likizo ya masomo yenye malipo. Viongozi wausome kabla ya kukutana na mwajiri.

Zoezi: kapasita ni mikrofaradi 2,200, resista ni ile ile ya omu 47,000. Volti 565 zitafika 76 baada ya sekunde ngapi? Fanyeni hesabu kwanza, ndipo mfungue kompyuta.