Saa ya Jua Haijaharibika, Usiisogeze

Februari mwalimu mmoja wa hapa Dar es Salaam alinipigia simu: saa ya jua tuliyojenga uwanjani kwao imeharibika, iko nyuma kwa dakika 37. Nilifurahi mno. Hizo ndizo dakika zenyewe!

Kwanza, muuzaji. Kabla yetu shule iliuziwa saa ya jua ya shaba, ukingo wake wa kivuli umesimama digrii 51, kipimo cha London. Hapa tunahitaji 7. Muuzaji alishikilia kwamba inafaa popote duniani, na pesa hakurudisha. Bado inaniuma. Uliza latitudo kabla hujalipa.

Hatua ya kwanza: karibu na ikweta, achana na saa za kulazwa za bustani za Ulaya, mistari ya mchana hubanana. Inamisha bamba digrii 7, upande wa kusini ukiwa juu, kisha funga nondo sentimita 10 juu yake, sambamba nalo, ielekee kaskazini na kusini. Mistari ya saa hukaa sentimita 2.7, 5.8, 10 na 17.3 kila upande wa mstari wa kati.

Hatua ya pili ndiyo roho ya kazi: kaskazini halisi. Fundi alitoa dira ya simu, lakini kando ya mlingoti wa chuma ikawa inayumba. Tukasimamisha fimbo kwa timazi, tukachora duara kuizunguka. Ncha ya kivuli ilipogusa duara asubuhi, alama. Ilipoligusa tena alasiri, alama. Mstari wa kuziunganisha ni mashariki na magharibi. Unaoukata kwa pembemraba ni kaskazini na kusini. Wanafunzi waligombania chaki, na fundi akaizima simu yake.

Sasa zile dakika. Saa zetu hufuata longitudo ya digrii 45, inayopita jirani na Mogadishu. Dar iko kwenye 39.3, na kila digrii ni dakika 4: jumla 23. Kigoma hupita saa nzima. Tena njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama, hivyo katikati ya Februari huongezeka 14. Mwanzoni mwa Novemba hupungua 16, zikabaki 7.

Bandika jedwali la miezi kando ya saa, na usimruhusu mtu kusogeza bamba ili lilingane na simu yake.