Kisu cha Kuchinjia na Kuchunia: Sifa Zake na Hukumu Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Himdi zote ni za Mwenyiezi Mungu, aliyewatiisha wanyama wapate kuwa chakula na kipando cha wanadamu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya: Waislamu wa pwani husafiri kwenda bara kwa biashara, na miongoni mwa nchi wazifikiazo ni Kyela, katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kwa ajili ya mchele na kakao. Mtu akiwa Mbugani, au katika kijiji chochote cha ukingo wa ziwa, akanunua mbuzi wa akika au ng'ombe wa udhiya, mara nyingi hulazimika kuchinja na kuchuna kwa mkono wake, uwanjani chini ya mti, mbali na machinjio. Hapo ndipo ijulikanapo thamani ya kisu. Kwani mnyama aliyenunuliwa kwa fedha nyingi aweza kuharamika kwa ubovu wa kisu kilichonunuliwa kwa fedha chache. Kwa hiyo yafaa kila mwenye kuchinja ajue namna ya kuchagua kisu kilicho nafuu kwa bei na kilicho sahihi kwa kazi.

FASILI YA KWANZA: Ukali wa kisu

Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, mnyama huchinjwa kwa kitu chochote kikali chenye kukata, kikiwa cha chuma, cha shaba, cha jiwe au cha mwanzi, isipokuwa jino, ukucha na mfupa. Lililo sharuti ni kukatwa koo la pumzi lote na koo la chakula lote. Na kukata mishipa miwili ya pande za shingo ni sunna.

Imepokewa na Imamu Muslim kwa Shaddad bin Aus ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja. Akaamrisha mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake.

Je, mtu akichinja kwa kisu butu? Wanavyuoni wamesema nyama yake ni halali kwa sharuti mbili. Ya kwanza, kukata kuwe kwa makali ya kisu, kusihitaji nguvu za mkono wa mchinjaji. Ya pili, koo zote mbili ziwe zimekwisha kukatika kabla mnyama hajafikia hali ya kutapatapa kwa mwisho. Ikikosekana moja katika hizi, huyo ni nyamafu, haliwi. Basi mwenye kukandamiza kisu butu kama akataye kuni, hakumtesa mnyama tu. Amejinyima na chakula pia.

FASILI YA PILI: Visu viwili kwa kazi mbili

Kuchinja na kuchuna ni kazi mbili, na kisu kimoja hakizitimizi vizuri zote mbili. Cha kuchinjia kiwe kirefu na makali yake yawe yamenyoka, urefu wake uzidi upana wa shingo ya mnyama, ili mchinjaji apeleke na kurejesha pasipo ncha kuingia jerahani. Kwa mbuzi, inchi 7 au 8 hutosha. Ng'ombe ahitaji zaidi.

Cha kuchunia kiwe kifupi, inchi 4 au 5, makali yake yapinde kwenda juu karibu na ncha. Mpindo huo ndio uteleza baina ya ngozi na nyama. Ncha isiwe kama sindano, kwani ncha kali mno hutoboa ngozi, na pengine hutoboa utumbo, kinyesi kikamwagika juu ya nyama. Nacho ni najisi. Kwa mbuzi, ngozi ikisha kufunguliwa kwa kisu, ngumi ya mkono yafaa kuliko kisu, na kisu hurudi pale tu iliponatia.

Asiye na uwezo ila wa kisu kimoja, na achague cha kuchinjia, kisha achune nacho kwa uangalifu. Kwani ubovu wa kuchuna huharibu ngozi, na ubovu wa kuchinja huharibu mnyama mzima. Wala asianze kuchuna mpaka roho imetoka kabisa, kwani kufanya haraka hapo ni makruhi.

FASILI YA TATU: Chuma, mkia na mpini

Kisu cha kukunja hakiharimishi nyama kikiwa kikali, lakini hakifai kwa kazi hii. Huweza kujikunja juu ya vidole, na damu huingia katika maungio yake ikakauka humo. Na damu ni najisi. Kisu kilichokaa imara katika mpini ndicho bora.

Mnunuzi atazame mkia wa chuma. Ukipita ndani ya mpini mzima na kufungwa kwa misumari iliyopondwa pande zote mbili, kisu hakitachomoka. Hili lina uzito katika sharia: kisu kikianguka katikati ya kuchinja na mchinjaji akakirejesha papo hapo, hapana dhara, lakini akikawia kutafuta kingine, hata mnyama akawa hana tena uhai uliotulia, amekwisha kuharamika.

Ama chuma, nchi hiyo si ngeni kwa ufuaji. Wakinga wa milima ya Livingstone, iliyo juu ya ziwa, walikuwa mashuhuri zamani kwa kuyeyusha chuma, wakiwaletea Wanyakyusa majembe. Siku hizi wahunzi wengi wa Tanzania hufua visu kwa springi za magari, nacho ni chuma kizuri, hushika makali na hunoleka kwa jiwe la kawaida. Kilichofuliwa kwa nondo ni laini, makali yake hulala upesi. Mnunuzi aombe tupa na aipitishe kidogo karibu na makali: ikila chuma kwa wepesi, chuma hicho ni laini, ikiteleza, ni kigumu. Visu vya dukani visivyoshika kutu navyo vyafaa, ila vingine hutaka subira zaidi katika kunoa.

Mpini uwe wa mti au wa plastiki ngumu, usiwe laini wa kuteleza kwa damu na mafuta. Mpini wa mfupa au pembe ya mnyama asiyechinjwa kisharia ni najisi katika madhehebu haya, na pembe ya ndovu ni katika hukumu hiyo. Tena mataifa yalipatana mwaka 1989 kuizuia biashara yake.

FASILI YA NNE: Tohara ya kisu

Suali: Mtu ameazima kisu kwa jirani asiye Muislamu, katika nchi ifugwayo nguruwe. Afanyeje?

Jawabu: Akijua kwa yakini ya kuwa kisu kimekata nguruwe, na akioshe mara saba, moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo tohara. Asipojua, asili ya kitu ni tohara, na shaka haiiondoi. Wala asimhoji jirani kwa maneno ya kumdharau. Mwenye kununua kisu chake mwenyewe amejiepusha na mashaka yote haya.

FASILI YA TANO: Bei na utunzaji

Kisu cha mhunzi, chenye mkia mzima na chuma kigumu, hutimiza kila lililotajwa. Anayelipa mara nyingi zaidi kwa ajili ya nakshi na jina la kiwanda, hakununua ukali, amenunua fahari. Na anayechukua kilicho rahisi kuliko vyote pasipo kukijaribu, amekumbuka mfuko wake na kumsahau mnyama. Wahenga wamesema: mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ukali huo hutoka katika jiwe la kunolea, na jiwe ni bei ndogo. Basi atengaye fedha za kisu, na atenge na za jiwe.

Kisu kinolewe kabla mnyama hajaletwa, kwani imepokewa ya kuwa Mtume alimkemea aliyekuwa akinoa kisu mbele ya kondoo aliyemlaza. Baada ya kazi kioshwe, kikaushwe, kipakwe mafuta tohara, kama ya nazi au ya mawese. Kyela ni nchi ya mvua zipitazo milimita 2,000 kwa mwaka, na chuma cha springi hushika kutu upesi. Kisilazwe ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hutunza unyevu.

Na ngozi ya udhiya isiyotobolewa ni haki ya kutunzwa: haiuzwi, wala hapewi mchunaji kuwa ujira wake, hutolewa sadaka, au mwenyewe huitumia ikiwa udhiya wake ni wa sunna. Maskini apewaye ngozi nzima amepata kitu. Apewaye iliyokatwakatwa amepewa taabu ya kuitupa.

Mwenyiezi Mungu atuwafikishe kufanya wema katika kila jambo. Wallahu aalam.