SOMO LA AFYA: MWUGUZI SHULENI NA MKATE WA MFANYAKAZI



Mtoto akirudishwa kutoka shule kwa sababu ya upele au macho mekundu, ni nani anayepoteza? Mtoto hupoteza masomo. Mama hubaki naye nyumbani, na kilo za chai ambazo angechuma siku ile hazitaandikwa. Pengine dada mkubwa naye huachishwa shule ili amtazame mdogo wake. Kwa hiyo afya ya shuleni si kazi ya walimu peke yao. Inagusa mshahara wetu, na ndiyo maana chama kinaifundisha.

Leo tutatazama mambo matatu: kazi hii ilivyoanza, mwuguzi afanyayo shuleni, na wajibu wa tawi letu.

1. ILIVYOANZA NEW YORK

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mtaa mmoja wa mji wa New York, Marekani, ulijaa wahamiaji walioshona nguo kwa ujira mdogo. Tangu mwaka 1897 mji ulipeleka madaktari shuleni kukagua watoto. Aliyeonekana na trakoma, chawa, mapunye au upele alirudishwa kwao. Hakupewa dawa. Jioni alicheza barabarani na wenzake wale wale aliotengwa nao asubuhi. Mwezi wa Septemba 1902 watoto waliorudishwa walikuwa 10,567.

Mwezi uliofuata Lillian Wald, kiongozi wa nyumba ya wauguzi mtaani humo, alimtoa mwuguzi mmoja, Lina Rogers, akafanye kazi ya majaribio kwa mwezi mmoja katika shule 4. Rogers alisafisha vidonda na kupaka dawa hapo hapo shuleni, kisha mtoto akarudi darasani. Wenye ugonjwa mzito aliwafuata majumbani, akawaonyesha mama zao namna ya kuwatunza. Mji uliona faida, ukaajiri wauguzi wengine. Septemba 1903 waliorudishwa walikuwa 1,101 tu.

Wazazi walikuwa bado maskini, na magonjwa yalikuwa yale yale. Tofauti ni kwamba sasa alikuwapo mtu wa kutibu, si wa kukagua tu. Hilo ndilo fundisho letu la kwanza.

2. MWUGUZI AFANYAYO

(a) Hupima macho, masikio, ngozi, meno na uzito. Mtoto anayeitwa mjinga huenda haoni ubao.

(b) Hutibu madogo, na makubwa huyaandikia barua ya kwenda hospitali.

(c) Huchanja. Rwanda ilianza mwaka 2011 kuwapa wasichana chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na wengi waliipata shuleni.

(d) Hugawa dawa za minyoo. Sisi wa mashambani tunaijua safura. Minyoo yake hupenya ngozi ya mguu mtupu, huenda tumboni na kunyonya damu. Mtoto huchoka, husinzia darasani, mwisho huacha kwenda. Katika wilaya ya Busia, Kenya, mpakani na Uganda, mpango wa dawa za minyoo ulianza mwaka 1998 katika shule za msingi, na wauguzi wa afya wa serikali walishiriki. Watafiti walioufuatilia waliripoti kwamba utoro ulipungua kwa robo hivi.

(e) Hufika nyumbani, akaona maji yanatoka wapi na choo kikoje.

Hapa tuelewane. Kidonge hakichimbi choo. Kambi isiyo na vyoo itarudisha minyoo baada ya miezi michache, na mwuguzi atatibu watoto wale wale mwaka hata mwaka.

3. WAJIBU WA TAWI

Kwanza, kamati iulize shuleni: mwuguzi hufika mara ngapi kwa mwaka? Jibu liandikwe. Kama hafiki, barua iende kwa mganga wa wilaya na kwa mwajiri, na nakala ibaki kwenye jalada la tawi.

Pili, tunapokaa na mwajiri kuzungumza mapatano, maji, vyoo na huduma ya mwuguzi viwe mezani pamoja na mshahara. Hatuombi sadaka. Mkataba Na. 110 wa mwaka 1958 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu mashamba makubwa, unataja huduma za tiba kwa mfanyakazi na jamaa zake. Si kila nchi imeuridhia. Viongozi wetu waulize yetu imefanya nini.

Tatu, tudai kwamba mzazi aliyeitwa na mwuguzi apewe ruhusa bila kukatwa siku yake.

Nne ni juu yetu wenyewe. Tusimfiche mtoto mwenye upele siku ya ukaguzi kwa kuona aibu. Mwuguzi si askari. Akiandika barua, isomwe na ifuatwe. Asiyejua kusoma asomewe na katibu wa tawi.

MASWALI YA KUJADILI MKUTANONI

1. Kambini kwetu kuna vyoo vingapi, na watu wangapi?
2. Mwezi uliopita, ni watoto wangapi walikosa shule kwa ugonjwa?
3. Wazazi wao walipoteza siku ngapi za kazi?
4. Nani atapeleka majibu haya kwa mwajiri, na siku gani?